Kiu ya Nyumba za Itumbula

1

Siku Gwamaka Mwaisumo alipoleta majibu ya mlima wa Itumbula, alikuja ofisini na mtoto kifuani, amemfunga kwa kitenge cha mkewe. Kituo cha kulelea watoto kilikuwa kimefungwa tangu Jumatatu kwa kukosa maji, na mkewe alikuwa zamu hospitalini. Tusekile Mwambungu, mkuu wa Ofisi ya Mipango ya Nyanda, alimtazama mhandisi wake akiingia kwa hatua za mtu aliyebeba chungu kichwani, akamsogezea kiti.

"Kalala?"

"Kalala, Mama. Tuongee polepole."

Ndiyo maana habari nzito kuliko zote alizowahi kupewa katika miaka thelathini na miwili ya kazi, Tusekile aliipokea kwa kunong'onezwa.

Gwamaka aliwasha Kielelezo. Juu ya meza ukainuka mlima mdogo wa mwanga, na kila bonde lake, kila njia na kila paa. Kielelezo kilijua mvua ya jana na watoto waliozaliwa juzi, na ukikiuliza kuhusu kesho kilikuwa hakikosei sana. Chini ya mlima, maji yalionekana kama mshipa wa bluu. Juu yake zilining'inia nyuzi nyeupe, nyingi kama mvi.

Nyuzi zile zilikuwa mizizi ya nyumba.

Siku hizo Nyanda nzima iliishi katika nyumba za kuotesha. Ulichimba shimo la kina cha goti, ukaweka kitonge cha kuvu na chokaa, ukakimwagilia. Siku ya tatu ukuta ulikuwa umefika kiunoni, siku ya nane ungeweza kuingiza kitanda. Ukuta ulikuwa hai, ukitunza joto usiku wa baridi na kujiziba ulipopasuka. Kila masika nyumba ilitoa machipukizi ubavuni kama mgomba, na mtu alikata moja akampa mwanawe aliyeoa, akaenda kuliotesha mbele kidogo, palipo wazi. Hakuhitaji fundi wala ruhusa. Hivyo ndivyo mji ulivyopanda vilima, uwanja kwa uwanja, hadi mashamba ya viazi na pareto yakawa hadithi.

Ila kilicho hai hunywa. Nyumba moja ilikunywa ndoo moja na nusu kwa siku, na hilo si neno. Nyumba elfu nne na mia mbili, kila moja na uwanja wake na mzizi wake wa kwenda chini, zilikuwa zimekaa juu ya chemchemi ya Itumbula kama ndama wasiotaka kuachishwa ziwa. Na watu laki sita wa bondeni walisubiri maji ya chemchemi hiyo hiyo.

"Miaka minne," Gwamaka alinong'ona. "Kisha inakatika."

"Na tukizikausha za Itumbula?"

"Inapona. Neno la kukaushia tunalo, ile amri ambayo mizizi huitii, linatembea mzizi kwa mzizi. Nyumba inachukua siku kumi kuanguka. Watu wanatoka, hakuna anayeumia, kambi zipo." Akamtazama mtoto. "Lakini hatuwezi kuwaambia kabla, Mama."

"Kwa nini?"

Gwamaka aligusa meza. Mlima ulibadilika. Kutoka kwenye mitaa ya Itumbula, vitone vyeupe vilianza kupanda kuelekea msitu wa mianzi kileleni, na mshipa wa bluu ukasinyaa, ukawa uzi, ukapotea.

"Tukitangaza, watatu kati ya kumi watakata machipukizi na kukimbilia juu. Kule mizizi itagusa maji yenyewe. Badala ya miaka minne, tunabaki na miwili. Tukituma neno bila kutangaza, machipukizi yanakauka pamoja na nyumba. Nimekiuliza mara sitini. Jibu ni lile lile."

"Watu elfu ishirini na tatu, Gwamaka. Waamke asubuhi wakute kuta zinawafia?"

"Najua." Gwamaka alikaza fundo la kitenge. "Huyu jana nimemwogesha kwa kikombe, Mama. Kikombe kimoja. Sisemi ni vizuri. Nasema sioni kingine."

Tusekile hakumlaumu. Aliinama juu ya karatasi ya pendekezo, akatia saini mahali pa kuthibitisha kwamba amesoma, akaacha wazi mahali pa kuidhinisha. Alikuwa na siku tano za kujibu.

Kuna jambo ambalo Gwamaka hakulijua, kwa kuwa lilipotokea alikuwa mtoto wa shule. Mpango wa kwanza kabisa wa nyumba hizo ulisema zipandikizwe moja juu ya nyingine, ghorofa nne kwa mzizi mmoja, kwani ya juu hunywea kwenye mzizi wa ya chini na haiongezi kiu ila kidogo. Watu walikataa. Walisema hawataishi kichwani kwa wenzao, wanataka uwanja, wanataka mahali pa kuku. Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamewatoa watu mabondeni, na wengi walilala chini ya turubai kwenye baridi ya mwezi wa saba. Ofisa mipango mmoja kijana aliona haiwezekani kuwaacha wabishane huku watoto wanakohoa. Akaandika kibali: kila kaya, nyumba yake. Kibali hicho kilikuwa na saini yake Tusekile.

2

Siku ya pili alipanda Itumbula kwa miguu, ingawa gari la ofisi lilikuwepo. Alitaka njia imcheleweshe.

Mdogo wake, Sekela, aliishi karibu na mwisho wa mitaa, katika nyumba iliyopinda kidogo upande wa mashariki kwa sababu siku ya sita ya kuota kwake mbuzi aliiegemea. Kitonge chake alikileta Tusekile mwenyewe, miaka ishirini na miwili iliyopita, amekifunga kwenye kanga kama mtoto, akamkuta Sekela chini ya turubai na wanawe watatu. Wawili kati ya hao sasa walifanya kazi mbali. Wa tatu alifia humo ndani, homa ya mapafu, akiwa na miaka kumi na tisa. Mume aliondoka mwaka uliofuata, na dada hao wawili hawakumlaumu sana.

"Mugonile, dada," Sekela alimwamkia mlangoni, akimtazama viatu. "Umekuja kwa miguu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nipe maji kwanza."

"Maji ya mgao ni ya saa tisa. Kuna togwa."

Walikaa jikoni. Sekela alikuwa akimenya viazi, na kila alipomaliza kimoja alikiweka kwenye beseni bila kutazama. Ukuta nyuma yake ulikuwa na alama za viganja, vitatu vya watoto na kimoja cha mtu mzima. Siku ya tano, ukuta ulipokuwa bado laini, familia zilikuwa na desturi ya kubonyeza mikono, na alama zilikua pamoja na ukuta, kwa hiyo viganja vya watoto wale sasa vilikuwa vipana kama sahani.

Tusekile alitoa karatasi mkobani, akaieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Alipomaliza kikombe cha togwa kilikuwa bado kimejaa.

Sekela aliendelea na kiazi alichokishika mpaka kikaisha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Mama Tumpale hapo jirani?"

"Sekela, sikupaswa kumwambia hata wewe. Nimekuja ili uondoke mapema. Kusanya vitu vyako, uje kwangu, useme unaumwa mgongo. Nitakuja kukuchukua keshokutwa."

"Nimuage Mama Tumpale nikimwambia naumwa mgongo?" Sekela aliweka kisu chini. "Huyu ndiye aliyemwosha mwanangu alipokufa, dada. Wewe ulikuwa mkutanoni, sikulaumu, ulikuja kesho yake. Lakini aliyemwosha ni yeye. Sasa nimwache alale, aamke dari inamdondokea unga?"

"Hazidondoki hivyo. Ni siku kumi."

"Siku kumi za kutazama nyumba inakufa na hujui kwa nini."

Tusekile alitafuta hesabu zake. Alizisema zote: laki sita, miaka miwili, watatu kati ya kumi. Alimwambia habari za mtoto wa Gwamaka na kikombe. Sekela alisikiliza kwa makini kama alivyozoea kusikiliza mahubiri, bila kukatiza.

"Hiyo mashine yenu inatujua?" akauliza mwishowe.

"Inajua tulichofanya mara zote zilizopita."

"Mara zote zilizopita mlituambia?"

Mafuriko, mgao, kufungwa kwa barabara ya juu, kuhamishwa kwa soko. Tusekile alizipitia moja moja, akitafuta hata mara moja ambapo watu wa Nyanda waliambiwa jambo kabla halijawafika. Hakuipata.

"Sijui mtu akiambiwa ukweli hufanya nini," Sekela alisema, sasa kwa upole. "Labda watakimbilia juu kweli. Mimi ni mtu, nami nimefikiria kukata chipukizi hapa hapa ulipokuwa unaongea. Lakini usinifanye mimi niwe mtu na wenzangu wawe vitone. Hilo siliwezi. Kunywa togwa lako."

Alikunywa. Lilikuwa chachu kidogo, na alilimaliza.

3

Alitangaza siku ya nne, uwanja wa shule ya Itumbula, saa nne asubuhi. Gwamaka alimwambia kabla kwamba akifanya hivyo ofisi itamwondoa, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama atamsamehe. Kisha akabeba Kielelezo mgongoni akapanda naye, kwa sababu, alisema, kama ni kuwaambia basi waone wenyewe.

Watu walijaa mpaka kwenye kuta. Tusekile alisema mambo yote, pamoja na yale ambayo hakulazimika kuyasema: kibali, saini, na kwamba alikuja kwanza kumwambia mdogo wake peke yake. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtu alirusha kiatu, kikampiga begani. Mwalimu mmoja alilia waziwazi. Mzee mwenye redio alitaka kujua kama kambi zina choo, akauliza mara tatu.

Gwamaka aliuwasha mlima. Uwanja ulinyamaza walipoona nyuzi nyeupe zikining'inia, na kila mmoja akatafuta paa lake kwa kidole. Akawaonyesha vitone vikikimbilia mianzini, na mshipa ukipotea.

"Hao ni sisi?" mwanamke alipaza sauti. Alikuwa Mama Tumpale, mfupi, mwenye koti la kiume. "Tunaokimbia?"

"Ndiyo, mama," Gwamaka alijibu. "Kwa mujibu wa hesabu."

"Na hizo nyumba kubwa bondeni, mbona zina mizizi minene?"

"Ni za vyumba vingi. Zinakunywa zaidi."

Mama Tumpale alimgeukia Tusekile. "Wewe mama unaishi wapi?"

"Bondeni. Mtaa wa Reli."

"Vyumba vingapi?"

"Vitano."

"Na mnaishi wangapi?"

"Mimi."

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali wangezomea. Mama Tumpale alisubiri, amekunja mikono ndani ya mikono ya koti, na watu elfu kadhaa wakasubiri pamoja naye, na Tusekile akaelewa kwamba katika miaka yote ile ya kupanga watu waende wapi, kidole chake hakikuwahi kuangukia Mtaa wa Reli.

"Nyumba yangu inaweza kupandikizwa," alisema. "Ghorofa mbili juu yake, mzizi ule ule. Na vyumba vinne vilivyo tupu vipokee watu kuanzia kesho. Sisemi kwa niaba ya jirani zangu. Nasema yangu."

"Basi anza wewe," Mama Tumpale alisema. "Halafu tutaongea."

Walimpa siku arobaini za kuonyesha kwamba inawezekana, badala ya yeye kuwapa wao. Ofisi ilimsimamisha kazi siku ya tatu baada ya mkutano, lakini haikuthubutu kutuma neno, kwa kuwa Itumbula yote ilikuwa inaangalia. Katika siku hizo arobaini Tusekile alijifunza kupandikiza, akiwa juu ya paa lake mwenyewe na kisu cha mkunjo mkononi, Mama Tumpale akishika ngazi na kumkosoa. Kaya ya kwanza kuingia kwake ilikuwa na watoto wanne na bibi kiziwi. Jirani wa kulia aliweka uzio. Jirani wa kushoto alisimama siku tatu akitazama, siku ya nne akaja kuuliza kama chipukizi hukatwa asubuhi au jioni.

Mtaa kwa mtaa bondeni wakapandikiza, na watu wa Itumbula wakaanza kushuka kuhamia humo, ila si wote. Kaya zipatazo mia tisa zilipanda mianzini na machipukizi yao, wengine kwa siri na wengine bila siri, na Mama Tumpale aliwafuata mlango kwa mlango akabembeleza, akatukana, akarudisha chini karibu nusu. Kielelezo kilikuwa kimetabiri elfu moja na mia mbili na sitini. Gwamaka aliiandika tofauti ile kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu, akaitazama siku nzima. Chemchemi haikupona kama alivyotaka. Iliendelea kushuka hadi Novemba, kisha ikatulia, nyembamba, ya kutosha kwa wanaojua kugawana. Bondeni walipata maji siku nne kwa wiki. Walizoea, na walinung'unika.

4

Nyumba za walioshuka ziliachwa zikaushwe na wenyewe. Kila kaya ilipewa neno lake kwenye kijiti chembamba, ukikibonyeza kwenye kizingiti, basi, nyumba inaanza kukauka. Wengi walifanya usiku au walimwomba jirani. Sekela alichagua siku ya arobaini, mchana, na akamwambia dada yake aje na ndoo.

Tusekile alidhani ni kwa ajili ya kuhamisha vyombo. Alikuta vyombo vimeshakwenda. Ndani mlikuwa mtupu, na Sekela amejifunga kanga kiunoni, anafuta ukuta kwa kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Siwezi kuiacha ife chafu."

Tusekile alivua viatu. Maji yalikuwa machache, ya mgao wa siku mbili, na Sekela alikuwa ameyatunza kwa ajili hiyo. Walianza na chumba cha ndani, wakaja sebuleni, wakamaliza na jikoni palipo na masizi ya miaka ishirini na miwili. Walipofika kwenye viganja, Sekela alichukua kitambaa kipya. Alifuta kile cha kwanza na cha pili. Cha tatu aliweka mkono wake juu yake, kwenye kiganja cha mwanawe aliyefariki, kilichokuwa kimekua kikampita, akakaa hivyo.

"Nilikuletea mimi," Tusekile alisema. "Nilikuletea, na sasa nimekuja kuichukua."

"Uliniletea nikiwa na watoto watatu wenye baridi. Walipata joto. Hilo halichukuliki." Aligeuka akampa dada yake kitambaa. "Hapo juu sifiki. Futa wewe."

Akafuta, amesimama kwa ncha za vidole, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola. Sekela alimshika kiuno asianguke.

Kisha walitoka nje. Sekela alipiga magoti kwenye kizingiti, akatoa kijiti kwenye fundo la kanga. Alisema "ndaga", asante, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea ambacho macho yangeweza kukiona. Walikaa uwanjani migongo yao ikiegemea ukuta, mabega yamegusana, na joto la ukuta likawaingia kama siku zote. Kadiri jua lilivyosogea, joto lile lilipungua. Lilianza kupungua miguuni, kisha kiunoni, mpaka ikabaki sehemu moja tu katikati ya mabega yao, na baada ya muda haikujulikana tena kama ni ukuta au ni wao wenyewe. Mama Tumpale alipita na mzigo kichwani, akasimama, akatua mzigo wake, akakaa nao bila kuulizwa.

Walipoinuka, Sekela alivuta mlango akaufunga kwa komeo, alivyofanya kila alipokwenda sokoni. Alipiga hatua tatu. Akarudi, akalifungua, akauacha mlango wazi kabisa na kuuwekea jiwe.

"Mvua ikija," alisema, "iingie."